Maisha ya kijijini Uskoti: maswali mnayouliza kila siku kuhusu habari za mtaa, ngoma, misiba na kamati za ukumbi

Hii ni kwa Waswahili walioajiriwa, waliooa, walioolewa au waliomfuata mtu huku vijijini Uskoti, hasa upande wa Aberdeenshire ambako ndo nakaa mimi. Kila anayefika anauliza yaleyale kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Visiwani kuna mambo yao, nitayagusa kidogo.

Kijiji chenyewe kikoje? Nimezoea kusikia Edinburgh na Glasgow tu.

Barabara moja, nyumba za mawe ya kijivu zimejipanga pande zote mbili, kanisa, shule ya msingi yenye watoto wachache, ukumbi wa kijiji, na ukiwa na bahati duka moja ambalo ndo posta hapohapo, ukiwa na bahati zaidi kuna baa. Pembeni ni mashamba ya shayiri, ng'ombe weusi wasio na pembe wale Aberdeen-Angus, na kondoo mpaka juu mlimani. Watu mia kadhaa, mara nyingine hawafiki. Ukipita na gari saa nane mchana utasema hapa hakai mtu. Wapo, tena wamekuona, na jioni watakuwa wanajua gari lile lilisimama wapi.

Habari za kijiji nazipata wapi? Naona kila mtu anajua kitu mi sijui.

Hili ndo swali la kwanza la maana, maana huku hakuna atakayekupigia simu kukwambia Jumamosi kuna shughuli. Wao wanaamini wameshatangaza. Wametangaza wapi? Kwanza kwenye ubao wa matangazo nje ya duka au ukumbi, ule wenye kioo na karatasi zimelowa pembeni, usiupite bila kusoma. Pili kuna kijarida cha kijiji, kurasa chache zimebanwa pini katikati, kinatoka kila mwezi au kila miezi miwili na kuna mama au mzee anazunguka kukiingiza mlango kwa mlango kwa kujitolea. Wageni wengi wanadhani ni matangazo ya pizza wanakitupa. Usikitupe! Humo ndo kuna tarehe za kila kitu, nani kashinda mashindano ya jemu, nani anauza kuni, paka gani kapotea, ratiba ya ukusanyaji taka, shukrani za familia iliyofiwa, na malalamiko ya mtu kuhusu kinyesi cha mbwa ambayo mi naamini yanachapishwa upya kila toleo yakibadilishwa maneno tu.

Tatu ni grupu la Facebook la kijiji. Hapo habari ni za haraka: ng'ombe wako barabarani, umeme umekatika kwa wengine au kwangu tu, daktari kahamisha kliniki. Nne ni foleni ya dukani, na hii inazidi zote kwa uhakika.

Afu kuna gazeti la mkoa, Press and Journal la Aberdeen, lipo tangu 1747 na wazee wanalifungua kuanzia ukurasa wa vifo. Kuna utani wa miaka mingi kwamba Titanic ilipozama gazeti hilo liliandika kichwa cha habari kuhusu mtu wa kaskazini mashariki aliyepotea baharini. Halikuandika hivyo, ni hadithi tu, ila wenyewe wanaisimulia kwa furaha kwa sababu inawaelezea kabisa: dunia ikipinduka wao watauliza kwanza kama kuna mtu wa kwao.

Nani mkubwa wa kijiji? Kuna mwenyekiti wa serikali ya kijiji?

Hakuna. Kuna kitu kinaitwa baraza la jamii, yalianzishwa kwa sheria ya serikali za mitaa ya Uskoti ya 1973, na yapo zaidi ya elfu moja nchi nzima. Wajumbe wanajitolea, hawalipwi, na hawana mamlaka ya kutengeneza barabara wala kukupa kiwanja, kazi hizo ni za halmashauri kubwa ambazo zipo 32 Uskoti yote. Haki yao ya msingi ni kuulizwa maoni, hasa mtu akiomba kibali cha kujenga. Kwa hiyo ukihudhuria kikao chao utasikia saa mbili za mashimo barabarani, mwendo kasi wa magari mbele ya shule, na diwani akisema atalifuatilia.

Ila usiwadharau, kwa sababu ya mitambo ya upepo. Yale mapanga makubwa mnayoyaona mlimani, mwongozo wa serikali ya Uskoti unasema kampuni itoe angalau pauni 5,000 kwa kila megawati kila mwaka kwa jamii za jirani. Siyo lazima kisheria lakini wengi wanatoa. Sasa piga hesabu mradi wa megawati 30, hiyo ni pauni 150,000 kila mwaka kwa vijiji vichache vyenye watu wachache. Ndo paa la ukumbi linapotoka hapo, basi la wazee, bembea za watoto, na ugomvi pia, maana kila bonde linataka lihesabiwe kuwa ndo jirani wa kweli wa mtambo.

Kwa maoni yangu wenye nguvu hasa ni kamati ya ukumbi. Wao ndo wana funguo. Onyo: ukienda mkutano wao mkuu wa mwaka na ukakaa kiti cha mbele, unatoka katibu. Sitanii, huwa wanamtafuta mtu mpya kwa macho tangu mlangoni.

Nimehamia na hakuna aliyekuja kunikaribisha. Wananichukia?

Hapana. Baadhi watakuletea kadi au mayai, wengine hawatakuja kabisa kwa sababu wanaona ni kukuingilia. Kule kwetu mgeni anatembelewa, huku mgeni anaachwa apumue, na kila upande unamwona mwenzake hana adabu. Ukisubiri hodi utasubiri mpaka kiangazi.

Njia ya kuingia ni kazi. Siyo maongezi, siyo kualika watu kwako chakula siku ya kwanza (watakuja, watakaa wima kama wapo kwa mwajiri). Nenda kwenye shughuli yoyote ukumbini, ikiisha usiondoke, beba viti. Viti vya ukumbi wa kijiji vinapangwa kwa namna yake, kumi kumi kuelekea ukuta ule siyo huu, na mtu akishakufundisha namna ya kuvipanga umeshaingia. Au ingia jikoni ushike taulo la kukaushia vyombo. Kule kwenye sinki ndo utasikia nani anaumwa, nani anauza shamba, kwa nini fulani hakai meza moja na fulani tangu mambo ya mpaka wa shamba. Mtu anayeosha vikombe haulizwi maswali, anaambiwa mambo.

Na ukiulizwa kama unaweza kusaidia kitu kidogo, jibu ndiyo ila uliza mwisho wake ni lini.

Mbona barabarani kila mtu ananipungia mkono, tunafahamiana?

Hamfahamiani. Barabara nyingi ni za gari moja, zina vipanuzi vya kupishania, na mwenye kipanuzi karibu ndo anasubiri. Kikiwa upande wako wa kushoto unaingia, kikiwa kulia unasimama usawa wake mwenzio ndo anaingia. Akipita ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani na wewe unanyanyua chako. Usipopunga itajulikana. Na usipaki kwenye kipanuzi kwenda kupiga picha, hiyo ndo njia ya haraka ya kuwekwa kwenye lile grupu la Facebook.

Hizi asubuhi za kahawa ukumbini ni za nani, naingia tu?

Unaingia tu. Mara nyingi Jumamosi kuanzia saa nne mpaka saa sita mchana, unalipa pauni chache mlangoni, unapata chai au kahawa na sahani ya vitu vya kuoka, hela inakwenda kwa hospitali ya wagonjwa mahututi, au klabu ya watoto, au paa (paa halimalizi kutengenezwa). Kuna meza ya keki za kuuza ambayo vitu vizuri vinaisha dakika kumi za kwanza, wenyeji wanajua keki ya nani ni ya nani bila kuulizwa. Kuna bahati nasibu ya tiketi za rangi, hii haikwepeki, huku hata watu watatu wakikutana kuna bahati nasibu. Zawadi ni chupa ya mvinyo, boksi la chokoleti, sabuni za kuogea ambazo mtu alizishinda mwaka jana akazirudisha.

Wengi mnauliza kama mpeleke mandazi. Peleka! Andika tu karatasi ya viungo vilivyomo, hasa karanga, maziwa na ngano, maana mambo ya mzio wanayachukulia kwa uzito kweli. Iliki watauliza ni nini na watarudi kuchukua la pili. Kashata za nazi zinaenda haraka zaidi, kwa sababu wao wana peremende yao ya sukari, siagi na maziwa mazito ambayo ni tamu ya kuuma jino, kwa hiyo kashata wanaielewa hapohapo.

Nyuma ya uokaji huu kuna wanawake wa chama kinachoitwa Scottish Women's Institutes, watu wa umri wanakiita tu "the Rural". Tawi la kwanza lilianza Longniddry mwaka 1917, mama mmoja Catherine Blair ndo alilianzisha ili wanawake wa mashambani wapate kutoka ndani na kukutana. Wanakutana jioni mara moja kwa mwezi, kuna mgeni wa kuzungumza, kuna mashindano madogo ya skoni tatu au ua moja kwenye chombo, na wanahitaji sana watu wapya. Dada yeyote anayejiona mpweke huku aanzie hapo kabla hajaanza kwingine.

Nimealikwa ceilidh. Sijui kucheza hata hatua moja, nifanyeje?

Nenda. Hii ndo raha kubwa ya kijijini na hakuna mtu anayejua hatua zote, wengine wamezaliwa hapa na bado wanageukia upande mbaya. Ni ngoma ya ukumbini yenye bendi ndogo, akodiani, fidla, mtu wa ngoma, na mara nyingi kuna mtu anapaza sauti kuelekeza hatua kabla muziki haujaanza. Watoto wa miaka sita wanacheza na bibi wa miaka themanini, na huku siyo lazima ucheze na mwenzi wako, jirani anakuja anakunyooshea mkono mnakwenda na haina maana yoyote nyingine, wanaume wa kwetu wenye wivu mlijue hilo mapema.

Gay Gordons ndo ya kufungulia, mnatembea mbele wawili wawili mnarudi nyuma mnazungushana, mtu yeyote anaiweza. Dashing White Sergeant mnakuwa watatu watatu mnakutana na watatu wengine, nzuri kwa mgeni kwa sababu mpaka iishe umeshashikana mikono na nusu ya kijiji. Ya kuogopa ni Strip the Willow. Safu mbili ndefu, unazungushwa na mmoja unarushwa kwa mwingine, kijana wa shamba mwenye mikono ya kubeba marobota ya majani akikuzungusha unaona taa za ukumbi zimekuwa mstari. Shika kwa viwiko, siyo vidole, na vua pete kubwa. Vaa viatu vya chini na nguo nyepesi hata kama nje kuna theluji, mle ndani ni joto la Tanga mwezi wa pili.

Katikati kuna chakula, kwa upande wetu huu ni stovies, yaani viazi vilivyopikwa taratibu na vitunguu na masalio ya nyama mpaka vinavurugika, pamoja na biskuti za oti na bitiruti. Kama huli nyama isiyo halali uliza mapema, huwa kuna sufuria isiyo na nyama. Mwisho wa usiku wote wanaunda duara wanashikana mikono kuimba wimbo wa kuagana. Sasa hapa angalia: mikono inapishanishwa kifuani kwenye ubeti wa mwisho tu, watalii wanaipishanisha tangu mwanzo wanakaa wamejifunga dakika nzima.

Michezo ya Highland ni ya watalii tu?

Hii ni michezo ya jadi ya Waskoti. Ya Braemar ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, familia ya kifalme huwa inakwenda kwa sababu kasri lao la Balmoral lipo jirani, na watalii ni wengi kweli. Ila nenda Lonach, kule Strathdon, Jumamosi ya nne ya Agosti. Chama chao ni cha 1823. Asubuhi wanaume wa bonde wamevaa kilti (zile sketi za wanaume wa Kiskoti), wamebeba mikuki mirefu, zumari mbele, wanatembea kama maili sita na wanasimama kwenye nyumba njiani kunywa wiski ya mwenye nyumba, na nyuma yao kuna mkokoteni wa farasi kwa ajili ya yule ambaye miguu imegoma. Wanafika uwanjani mchana wakiwa bado kwenye mstari, kwa kiasi fulani.

Lile gogo refu linalorushwa, msihesabu umbali. Kinachoangaliwa ni unyoofu, linatakiwa lipinduke na kulala likielekea mbele moja kwa moja kutoka kwa mrushaji, kama mshale wa saa kwenye kumi na mbili. Waliokaa jirani yako watakueleza bila kuombwa.

Maonesho ya kilimo mi nayapenda zaidi kuliko hata michezo. Ya Turriff ni mapema Agosti, ng'ombe wameoshwa kwa shampuu na kupulizwa kwa mashine ya nywele, na hema la mboga na keki ambamo watu wazima wanasimama kimya mbele ya vitunguu vitatu vinavyolingana.

Jirani amefiwa. Naenda msibani lini?

Tulia kwanza, maana hapa ndo tunatofautiana sana. Hakuna matanga. Hakuna kulala msibani, hakuna turubai, na mazishi yanaweza kuwa wiki mbili au tatu baada ya kifo. Kwa Muislamu aliyezoea maiti izikwe siku hiyohiyo inaumiza kuangalia, lakini kwao ni kawaida na familia inapewa muda.

Unachofanya siku za kwanza: peleka kadi, au sufuria ya supu, mlangoni, dakika tano, usikae. Tangazo litakuwa gazetini, kwenye dirisha la duka na siku hizi kwenye tovuti ya wazikaji. Lisome vizuri kwa sababu kila neno lina kazi. Wakisema maua ya familia tu, usipeleke maua, kutakuwa na kikapu cha mchango mlango wa kanisa kikienda kwa hospitali au chama alichokipenda marehemu. Wakisema wavae rangi, basi vaa rangi. Wasiposema, nguo nyeusi na wanaume tai nyeusi.

Afu kuna jambo la kamba. Jeneza likishushwa kaburini halishushwi na wazikaji, linashushwa na watu wa karibu walioshika kamba, mara nyingi nane, na kila mmoja anapewa mapema namba ya nafasi yake. Namba moja upande wa kichwani ni ya mfiwa mkuu. Zamani walikuwa wanaume tu, sasa wanawake nao wanashika. Jirani akija na kadi yenye namba akikuomba ushike kamba, elewa kwamba umepewa heshima kubwa, siyo kibarua. Unashika, unashusha taratibu pamoja na wengine, mwisho unaachia kamba inaingia kaburini.

Baada ya hapo mchungaji atatangaza kwamba wote mnakaribishwa hotelini au ukumbini kwa chai. Nendeni, msijifanye mnaharakisha, wenyewe wanahesabu nani kaja. Ni supu, pai ya nyama, soseji ndani ya unga wa kuoka, sandwichi. Na hapo watu wanacheka, wanasimulia vituko vya marehemu kwa sauti, msishangae.

Na harusi je? Niliona kijana amefungwa kwenye pikapu amemwagiwa uchafu.

Huyo anaoa. Huku kaskazini mashariki, wiki chache kabla ya harusi marafiki wanamkamata bwana au bibi harusi, au wote wawili, wanawamwagia molasi, unga, manyoya, mabaki ya samaki, chochote kinachonuka, wanawazungusha kijijini kwenye pikapu au trela la trekta wakigonga masufuria. Polisi wakipita wanapunga. Hakuna anayeona ajabu.

Mwaliko wenyewe una madaraja, soma kadi vizuri: ya siku nzima au ya jioni tu. Ya jioni siyo tusi, unakwenda kwenye ngoma. Hamna kamati ya harusi, hamna kadi ya mchango, na usimlete mtu ambaye jina lake halipo kwenye kadi hata kama ni mdogo wako aliyefika jana kutoka Moshi, sahani zimehesabiwa.

Mi sinywi pombe. Baa nitafanya nini?

Utafanya walichofanya wengine, kukaa na kuongea. Baa ya kijiji ndo sebule, kuna usiku wa maswali na majibu kwa timu na wanakuhitaji kwa sababu wao hawajui mpira wa Afrika wala jiografia. Kitu kimoja tu: watu wanaagiza kwa zamu, mmoja ananunulia meza nzima, kwa hiyo hata kama wewe ni soda, zamu yako ikifika nunua. Wasiokunywa wanathaminiwa kwa ajili ya kuendesha, maana kiwango cha pombe barabarani Uskoti kilishushwa Desemba 2014 mpaka miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, England bado ni 80, na huku baa kadhaa za vijijini zinalalamika mpaka leo kwamba ndo kilichowaua. Madukani pombe inauzwa saa nne asubuhi mpaka saa nne usiku tu, ukifika na dakika tano zimezidi mashine inakataa.

Kanisa, msikiti?

Wakristo wa PCEA (kanisa la Presbyterian) kutoka Kenya mtajisikia nyumbani kiasi, maana mizizi ni humuhumu: misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi 1891 ikahamia Kikuyu 1898. Wazee wa kanisa, utaratibu wa vikao, yote mtayatambua. Tofauti ni kelele na idadi. Ibada ni kimya na watu wachache, wengi wao wazee, mchungaji mmoja ana vijiji kadhaa na Kanisa la Uskoti linaendelea kufunga na kuuza majengo. Ukijitokeza una miaka thelathini na unaimba kwa sauti watakushikilia.

Waislamu, hali ni ya kusafiri. Aberdeen na Inverness kuna misikiti, na Stornoway kisiwani Lewis, sehemu inayojulikana kwa kushika Jumapili mpaka meli ya abiria ya Jumapili ilianza 2009 tu kwa mabishano, walifungua msikiti 2018. Nyama halali wengi wananunua mjini kwa wingi wanajaza friza. Jirani akikualika mwambie mapema wala usione aibu, watu wa huku wakijua wanajitahidi sana, tatizo ni wewe kunyamaza.

Majira ya baridi watu wanaishije? Umeme ukikatika?

Desemba jua linatoka karibu saa tatu kasorobo asubuhi na saa tisa na nusu limezama. Ndo maana shughuli zote za ukumbini zimejazana Oktoba mpaka Machi, badminton, kadi, klabu ya bustani kuangalia slaidi za maua ya mtu mwingine. Tarehe 25 Januari kuna usiku wa Robert Burns, mshairi wao aliyezaliwa 1759, mnakula haggis ambayo ni moyo, ini na mapafu ya kondoo na oti, mtu wa supu ya utumbo hawezi kushtuka. Mwaka mpya, anayetakiwa kuvuka kizingiti wa kwanza baada ya saa sita usiku ni mwanaume mweusi, yaani wao walimaanisha mwenye nywele nyeusi, akiwa na kipande cha makaa na wiski. Ndugu zangu, usiku huo mtaagizwa nyumba hadi nyumba, na kila nyumba inadhani utani huo imeubuni yenyewe. Tarehe 2 Januari nayo ni sikukuu, kwa sababu zinajieleza.

Umeme: kimbunga Arwen cha Novemba 2021 kiliangusha misitu mizima huku, na nyumba nyingine zilikaa zaidi ya wiki gizani. Hapo ndo mtu alijua jirani yake ni nani. Kumbi zilifunguliwa, wenye majiko ya gesi wakapika, wakulima wakasafisha njia kwa trekta zao bila kungoja halmashauri. Tangu hapo vijiji vingi vina mpango wa dharura na jenereta. Namba ya kuripoti umeme ni 105. Weka mishumaa, redio ya betri, chakula cha siku kadhaa, na mpe mtu wa kamati namba yako ya simu. Angalia pia lile boksi jekundu la simu, vijiji vingi vililinunua kwa pauni moja vikaweka mashine ya kushtua moyo, ukipiga 999 wanakupa namba ya kulifungulia.

Wanauliza natoka wapi kila siku. Ni ubaguzi?

Wakati mwingine ni, sitawadanganya, na kuna maneno utayajua kwa sauti yake. Ila mara nyingi ni kawaida yao, hata Mwingereza aliyehamia miaka thelathini iliyopita bado anaitwa mgeni, na mtu wa bonde la pili anaulizwa pia. Wanachotafuta ni kamba ya kukufunga mahali: unafanya kazi na nani, umepanga nyumba ya nani. Jibu kamili, "natoka Tabora, nakaa nyumba iliyokuwa ya mwalimu", na wao wataendelea wenyewe kwa nusu saa kuhusu yule mwalimu.

Vijana wako wapi?

Mjini, au wanaishi kwa wazazi mpaka miaka thelathini. Nyumba hakuna, nyingi zimenunuliwa na watu wa likizo, mpaka tangu Aprili 2024 halmashauri zimeruhusiwa kuwatoza wenye nyumba ya pili kodi mara mbili. Shule ikibaki na watoto wachache inatishiwa kufungwa, kwa hiyo familia yenye watoto inapokelewa vizuri kuliko mnavyodhani. Walio chini ya miaka 22 wanapanda basi bure tangu Januari 2022. Shida ni basi lenyewe lipite.

Naweza kutembea kwenye mashamba ya watu?

Ndiyo, sheria ya ardhi ya 2003 inakuruhusu kutembea karibu kila mahali ukiwa na adabu, siyo uani kwa mtu na siyo juu ya mazao. Aprili kondoo wanazaa, mbwa afungwe kamba au aachwe nyumbani, na kondoo mwenye mtoto umzunguke mbali. Mwanakondoo akionekana ameachwa peke yake usimbebe, mama yake yupo nyuma ya ukuta anakuangalia. Ukimkuta kweli kakwama, gonga nyumba ya kwanza ya shamba. Watajua ni wa nani kwa rangi iliyopakwa mgongoni, na kama ni saa kumi na mbili jioni wanakula, gonga hivyohivyo.